Mlango Usiofungwa Usiku

Thomas Barnardo alizaliwa Dublin, Ireland, mwaka 1845. Mwaka 1866 alikwenda London kusomea udaktari, akikusudia kuwa mmishonari nchini China. Lakini Jim Jarvis, mvulana asiye na makao, alimwonyesha watoto waliolala juu ya mapaa katika baridi ya usiku. Barnardo hakwenda China. Mwaka 1870 alifungua nyumba ya wavulana huko Stepney, mashariki mwa London.

Nafasi zilikuwa chache. Usiku mmoja John Somers, mwenye umri wa miaka 11, aliomba mahali pa kulala, akarudishwa kwa sababu nyumba ilikuwa imejaa. Siku chache baadaye alikutwa amekufa kwa baridi na njaa. Tangu hapo Barnardo aliamua kwamba mtoto asiye na pa kwenda hatarudishwa tena, akaiandika ahadi hiyo kwenye bango nje ya nyumba. Alipofariki mwaka 1905, nyumba zake zilikuwa zikitunza watoto zaidi ya 8,000.

Soma Isaya 58:7. Mungu anatuagiza kuwakaribisha nyumbani wasio na makao. Hakusema tungoje mpaka tupate nafasi ya kutosha.

Swali la kujadili: Kijana wa miaka 14 aliyefukuzwa kwao akibisha hodi kanisani kwenu usiku wa leo, nani atamfungulia? Atalala wapi? Kesho nani atafuatana naye hadi ofisi ya ustawi wa jamii? Kubalianeni majina kabla hajabisha.