Mwenye Heri Isidore Bakanja, Mtumishi Mwaminifu

Isidore Bakanja alizaliwa katika miaka ya 1880, katika kijiji cha Bokendela, kwenye misitu mikubwa ya Ekwatori, upande wa kaskazini-magharibi wa nchi ya Kongo. Wazazi wake hawakuwa Wakristo. Alipopata nguvu za kijana aliondoka kwao kwenda kutafuta kazi ya mshahara. Aliipata Mbandaka, mji ulioitwa Coquilhatville siku zile, akawa msaidizi wa waashi.

Huko alikutana na mapadri Watrapisti, akaanza mafundisho. Alibatizwa tarehe 6 Mei 1906. Mwezi wa Novemba mwaka uleule alipewa Kipaimara, na mwezi wa Agosti 1907 alipokea Komunyo kwa mara ya kwanza. Siku zote alichukua rozari, na shingoni alivaa skapulari ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli, yaani vipande viwili vidogo vya kitambaa vilivyoungwa kwa kamba. Hakuwa katekista wa kulipwa. Hata hivyo, kila alipokuwa aliwafundisha wenzake sala, na wengi walimdhani kuwa mwalimu wa dini.

Mkataba wake wa uashi ulipokwisha, aliajiriwa na Mbelgiji mmoja jina lake Reynders kuwa mtumishi wa nyumbani. Reynders alikuwa mtu wa kampuni iliyoitwa S.A.B., iliyofanya biashara ya mpira na pembe za ndovu. Alipohamishiwa Ikiri, Bakanja alikwenda pamoja naye. Msimamizi wa mahali pale alikuwa Van Cauter, ambaye wenyeji walimwita Longange. Mtu huyo aliwachukia mapadri, kwa maana palipo na misheni udhalimu wa kampuni haukufichika kwa urahisi. Basi akakataza sala na mafundisho yote katika shamba lake.

Bakanja alijua kupambanua mambo mawili. Saa za kazi ni mali ya bwana aliyemwajiri, wala si haki kumwibia. Lakini roho ya mtu haiandikwi katika mkataba wa kazi, nayo ni ya Mungu peke yake. Kwa hiyo kazi aliifanya, na baada ya kazi alisali. Alipoona kwamba chuki inazidi, hakutoroka. Aliomba ruhusa kurudi kwao, akanyimwa. Longange alimwamuru avue skapulari; alipokataa, akapigwa.

Tarehe 2 Februari 1909 Longange aliirarua skapulari ile shingoni mwake, akaitupa. Kisha akaamuru Bakanja alazwe chini, apigwe kwa kiboko cha ngozi ya tembo chenye misumari. Alipigwa zaidi ya mara 100, hata mgongo wake ukawa jeraha moja. Waliompiga walikuwa watumishi weusi kama yeye, waliomwogopa bwana wao. Baadaye alitiwa minyororo miguuni, akafungiwa.

Siku zile alikuwa akija mkaguzi wa kampuni, jina lake Dörpinghaus. Longange alitaka kumwondoa Bakanja mbali, ili uovu wake usionekane. Lakini Bakanja alijificha msituni, kisha akajikokota mpaka mbele ya mkaguzi. Dörpinghaus alipouona mgongo ule alishikwa na hofu. Ingalikuwa rahisi kwake kunyamaza, kwa kuwa yeye na Longange walikula mshahara wa kampuni moja. Hakunyamaza. Alimkinga mgonjwa na hasira ya Longange, akamchukua mpaka Busira ili atunzwe.

Majeraha hayakupona, yalioza mpaka mifupa ikaonekana. Mwezi wa Julai mapadri walifika, wakampa Sakramenti za mwisho na kumsihi amsamehe aliyempiga. Bakanja alijibu kwamba amekwisha kumsamehe, na kwamba akifika mbinguni atamwombea sana. Alikufa tarehe 15 Agosti 1909, siku ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Tarehe 24 Aprili 1994 Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenye Heri.

Leo vijana wengi hutoka vijijini kwenda Lubumbashi. Mmoja hupata kazi machimboni, mwingine ofisini, mwingine katika nyumba ya watu huko Makomeno. Wapo wanaodhani kwamba dini ni ya Jumapili kanisani, na kazini kuna sheria nyingine. Maisha ya Bakanja yanaonyesha kwamba sivyo. Aliye mtumishi afanye kazi yake bila hila, wala asikubali kuamriwa dhambi. Anayeamriwa kumtesa mwenzake akumbuke kwamba kiboko kilishikwa na mkono wa mtu, na kila mkono utatolewa hesabu. Aliye msimamizi ajue kwamba amekabidhiwa kazi za watu, si roho zao. Na aliye mkaguzi asifumbe macho kwa ajili ya mshahara, maana neno la kweli la mtu mmoja laweza kumtoa mnyonge katika minyororo.

Mkatekumeni anayejiandaa kwa Ubatizo anajiandaa pia kwa kazi yake ya kesho. Maji yatamwagwa kichwani mwake, lakini mikono yake ndiyo itakayoonyesha kama amebatizwa kweli.