Daktari aliyebaki wodini: Mtakatifu Giuseppe Moscati



Wiki iliyopita binti mmoja wa parokia nilikofanyia mwaka wangu wa uchungaji alinitumia ujumbe. Amemaliza kidato cha sita, PCB, na dirisha la udahili liko wazi. Roho yake iko kwenye udaktari, lakini matokeo yake yanamvuta kwenye uuguzi au maabara. Baba anataka daktari basi. Mjomba anasema famasi ndiko kwenye hela. Yeye akaniuliza mimi, frateri, atajuaje Mungu anamtaka wapi. Nimesoma falsafa, nina digrii yake, na nawaambia ukweli kwamba hakuna kozi iliyonifundisha kujibu swali hilo kwa WhatsApp. Kwa hiyo nimeona nimsimulie yeye, na nyie wengine mnaojaza fomu, habari za mtu mmoja aliyepita njia hiyo kabla yetu.

Anaitwa Giuseppe Moscati. Giuseppe ni Yosefu kwa Kiitaliano. Alizaliwa tarehe 25 Julai 1880 katika mji wa Benevento, kusini mwa Italia, mtoto wa saba kati ya tisa. Baba yake, Francesco, alikuwa hakimu, na ukoo ulikuwa wa watu wa sheria. Mwaka 1884 kazi ya baba iliwahamishia Napoli, na huko ndiko Giuseppe alikoishi maisha yake yote. Kutoka kwenye roshani ya nyumba yao ilionekana kwa mbali hospitali kubwa ya zamani iliyoitwa Hospitali ya Wasiotibika. Jina la kutisha, najua. Ilianzishwa karne ya 16 na mama mmoja Mkatoliki, Maria Lorenza Longo, ambaye Kanisa limemtangaza mwenyeheri mwaka 2021. Baba alikuwa akimwonyesha mwanawe jengo lile kwa kidole. Mtoto anaangalia, anawaza watu waliolala mle ndani. Hakuna aliyejua kwamba siku moja angekuwa mkuu wa wodi humo.

Kilichomsukuma kwenye udaktari hakikuwa mshahara wala koti jeupe. Kaka yake Alberto alikuwa ofisa wa jeshi, kikosi cha mizinga. Akiwa Torino alianguka kutoka kwenye farasi, akaumia kichwa vibaya, na tangu hapo akawa anashikwa na kifafa. Akarudishwa nyumbani. Giuseppe alikuwa bado mwanafunzi wa sekondari, na yeye ndiye aliyekaa na kaka yake kwa saa nyingi, miaka na miaka. Wale mliowahi kuishi na mtu wa kifafa nyumbani mnajua maana yake: unalala sikio likiwa wazi, unajua sauti ya kiti kikiburuzwa inaweza kuwa ni kiti tu au inaweza kuwa siyo kiti. Kijana yule alijifunza mwili wa binadamu kwanza pale, kabla hajafungua kitabu cha anatomia.

Mwaka 1897 akajiandikisha kitivo cha udaktari, Chuo Kikuu cha Napoli. Mwishoni mwa mwaka huohuo baba yake akafariki ghafla kwa kuvuja damu kwenye ubongo. Akaendelea. Tarehe 4 Agosti 1903 akahitimu kwa alama za juu kabisa, akiwa na miaka 23, na utafiti wake ulihusu kazi ya ini. Mwaka uliofuata Alberto naye akafariki. Mgonjwa wake wa kwanza, ndiye hakumponya.

Hapa niseme kitu kama mtu wa falsafa, kisha niendelee. Vyuo vikuu vya Italia wakati ule vilijaa wasomi walioamini kwamba binadamu ni mwili tu, mashine ya nyama na kemia, na anayeongelea roho amebaki nyuma. Kijana anayekwenda Misa kila siku alichekwa. Moscati hakubishana nao sana. Alifanya kitu kingine: aliijua hiyo kemia kuliko wao. Aliingia maabara, akafanya utafiti wa kemia ya mwili, akachapisha matokeo, na mwaka 1911 akapewa sifa ya kufundisha somo hilo chuo kikuu. Mwaka huohuo alishinda mtihani mgumu wa ushindani wa kupata kazi ya kudumu katika hospitali za Napoli. Kwa kweli napenda sana hilo. Wapo vijana wetu wanaodhani rozari itawafaulisha bayokemia. Moscati alisali rozari na akasoma.

Lakini turudi nyuma kidogo, Aprili 1906. Mlima Vesuvio ulilipuka. Chini ya mlima, mjini Torre del Greco, hospitali yake ilikuwa na nyumba ya wagonjwa wazee na waliopooza, watu wasioweza hata kugeuka wenyewe kitandani. Majivu yanashuka kama mvua, yanajaa juu ya mapaa. Moscati, daktari wa miaka 25, akaenda. Hakungoja kupangiwa zamu. Akasimamia wagonjwa kubebwa mmoja mmoja kutoka nje, na yeye mwenyewe akibeba. Walipokuwa wamemtoa wa mwisho, paa likaporomoka kwa uzito wa majivu. Baadaye akaandika barua kwa wakubwa akiomba wahudumu waliosaidia siku ile wapewe zawadi, na kwamba jina lake yeye lisitajwe.

Mwaka 1911 kipindupindu kiliingia Napoli. Serikali ikampa kazi ya kuchunguza chanzo na kupendekeza namna ya kuusafisha mji. Kwa hiyo aliwahi kufanya hata ile kazi ambayo kwetu anaifanya bwana afya, ya kuangalia maji na mitaro. Nawatajia haya kwa makusudi, kwa sababu yule binti anafikiri kuna mlango mmoja tu. Mtu huyu mmoja alikuwa tabibu wa wodini, mtafiti wa maabara, mwalimu, mkaguzi wa afya, na kwa miaka kadhaa alisimamia uchunguzi wa maiti pale hospitalini. Kwenye chumba hicho cha maiti alitundika msalaba ukutani, ili wanafunzi wanapokata wakumbuke wanayemkata ni nani. Tena mtu aliyemponya mgonjwa mara nyingi si daktari peke yake. Kuna aliyesoma kipimo, aliyechanganya dawa, aliyebadilisha shuka saa nane za usiku.

Mwaka 1914 mama yake, Rosa, akafa kwa kisukari. Mnielewe vizuri: mwanawe ni mmoja wa madaktari bora wa mji, na anajua kabisa kinachotokea ndani ya damu ya mama yake, na hana la kumpa. Insulini haikuwepo. Iligunduliwa Kanada mwaka 1921, miaka saba baadaye. Ilipofika, Moscati akawa miongoni mwa madaktari wa kwanza kuitumia Napoli, na akawafundisha wenzake namna ya kuitumia. Kila nikifikiria picha hiyo nashindwa kuendelea kuandika. Anaishika ile chupa ndogo. Anamchoma mama wa mtu mwingine.

Ilipokuja Vita ya Kwanza ya Dunia aliomba kwenda jeshini, akakataliwa. Walioona mbali zaidi wakampa majeruhi hospitalini kwake, akatibu askari karibu 3,000. Mwaka 1919 akawa mkuu wa Wodi ya Tatu ya Wanaume. Njia ya uprofesa chuo kikuu ilikuwa wazi mbele yake, watu walimtegemea aifuate. Akaiacha. Akabaki wodini, akiwafundisha madaktari vijana wakiwa wamesimama kando ya kitanda.

Ratiba yake ilikuwa hivi: anaamka alfajiri na mapema, Misa na Komunyo, kisha anapita kuwaona maskini kwenye mitaa ya kubanana ya Napoli bila malipo, kisha hospitali, kisha mchana wagonjwa wanamfuata nyumbani alikoishi na dada yake Nina. Hakuoa. Aliweka nadhiri ya usafi wa moyo lakini hakuwa padre wala bruda. Alikuwa mlei tu, kama baba zenu. Sebuleni kwake wagonjwa walikuta chombo cha hela: mwenye nacho aweke anachoweza, asiye nacho achukue. Wapo waliofika nyumbani, wakaikunjua karatasi ya dawa, wakakuta ndani yake noti. Na alikuwa akiwaambia wagonjwa waende kuungama kabla hajawaandikia dawa, jambo ambalo sikushauri ulifanye siku yako ya kwanza ya mafunzo kwa vitendo.

Sasa niseme langu, maana bila hilo ningekuwa nawahubiria tu. Mwaka ule wa uchungaji nilipangiwa kutembelea wagonjwa wodini kila Alhamisi. Nilikwenda. Nilikuwa na kanzu safi na kitabu cha sala, na nilijua kuongea juu ya maana ya mateso, nimeandika hata insha yake. Alhamisi moja mzee mmoja wa kitanda cha mwisho aliniomba nimgeuze, upande mmoja ulikuwa umekufa ganzi na una kidonda. Harufu ilinishinda. Nilimwambia ngoja nimwite nesi. Nikatoka nje kwenye upepo, nikasimama, kisha nikaenda kituo cha daladala. Nesi sikumwita. Alhamisi iliyofuata kitanda kilikuwa na mtu mwingine.

Sijawahi kuandika hili mahali popote. Nimemweleza muungamishi wangu, na nimesamehewa, lakini bado nikisoma habari za Moscati akibeba watu waliopooza katikati ya majivu, nakumbuka kwamba mimi niliombwa kugeuza mzee mmoja. Kwa hiyo dada yangu, ulipoandika kwamba uuguzi unauona kama kushindwa, nilinyamaza siku mbili kabla ya kujibu. Mtu niliyemhitaji Alhamisi ile hakuwa profesa. Alikuwa mtu wa kushika mabega ya mzee huku mimi nikishika miguu.

Ilikuwa tarehe 12 Aprili 1927, Jumanne ya Juma Kuu. Moscati alikwenda Misa, akapokea Komunyo, akafanya kazi hospitalini kama kawaida, akarudi nyumbani, akala, akaanza kuwaona wagonjwa waliokuwa wakimngoja. Yapata saa tisa alasiri akajisikia vibaya. Akaingia chumbani, akaketi kwenye kiti chake, akafa. Alikuwa na miaka 46. Habari ikasambaa mitaani kwamba daktari mtakatifu amekufa, na waliomzika wengi wao walikuwa wale wasiolipa.

Mwaka 1930 mwili wake ukahamishiwa kanisa la Gesù Nuovo, Napoli, ambako upo hadi leo. Papa Paulo wa Sita alimtangaza mwenyeheri tarehe 16 Novemba 1975. Papa Yohane Paulo wa Pili akamtangaza mtakatifu tarehe 25 Oktoba 1987, maaskofu wakiwa Roma kwenye Sinodi iliyozungumzia wito wa walei. Ndani ya kanisa hilo kuna sanamu yake ya shaba, na mkono wake unang'aa kuliko sehemu nyingine kwa sababu watu wanaopita wanaushika. Wanaoushika wengi ni wagonjwa, na ndugu za wagonjwa, na naambiwa pia wanafunzi wenye mitihani.

Binti yetu hajaniambia bado amejaza nini. Nimemtumia jina la mtakatifu huyu na nimemwomba, kabla ya kubonyeza kutuma, aende siku moja nzima kwenye wodi ya hospitali iliyo karibu nao, akae, asaidie atakachoruhusiwa kusaidia, anuse, aone kama miguu yake inataka kubaki au kukimbia. Atakwenda Jumamosi. Nimemwambia nami nitakuwa likizo wiki hiyo, na kwamba tutakwenda wote.

Sikukuu ya Mtakatifu Giuseppe Moscati ni tarehe 16 Novemba. Udahili unafungwa kabla ya hapo, kwa hiyo tumwombe sasa hivi.

Mtakatifu Giuseppe Moscati, utuombee.