Frantz Fanon: daktari aliyefungua mkahawa hospitalini

Wapwani wenzangu, huku Kakamega kazi yangu ni kufundisha saikolojia. Wanafunzi huja wakimjua Freud wa Vienna na Pavlov wa Urusi. Mimi huwaanzishia na Frantz Fanon, na leo napenda niwasimulie nanyi maisha yake.

Fanon alizaliwa mwaka wa 1925 kisiwani Martinique, koloni la Ufaransa katika bahari ya Karibi. Akiwa kijana alipigania Ufaransa katika Vita Vikuu vya Pili, akajeruhiwa, kisha akasomea udaktari mjini Lyon. Huko aliona kwamba damu aliyoimwaga haikumfanya awe sawa na Mzungu, na mwaka wa 1952 akatoa kitabu kuhusu jeraha ambalo ubaguzi huliacha akilini.

Mwaka wa 1953 alikwenda kufanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Blida, Algeria. Alikabidhiwa wanawake wa Kizungu na wanaume Waislamu, kila kundi na wodi yake. Wote aliwapa tiba moja: mikutano, tafrija, sinema na kazi za mikono. Wanawake wakaanza kupata nafuu. Wanaume wakanyamaza, wakajitenga.

Wapo madaktari wa zama hizo ambao wangesema kasoro ni ya wagonjwa. Hapa kwetu Kenya, J. C. Carothers alisimamia hospitali ya Mathari, Nairobi, kwa miaka mingi. Kitabu chake kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka wa 1953 kilimfananisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo.

Fanon aliitazama tiba yake mwenyewe. Lugha ya wale wanaume hakuijua, alizungumza nao kupitia mkalimani. Tafrija zile hazikuwa zao. Basi akafungua mkahawa mumo humo hospitalini, sikukuu za Kiislamu zikasherehekewa, akaitwa msimulizi wa hadithi, na mpira ukachezwa. Wodi ikaanza kuchangamka.

Vita vya uhuru vilipozuka mwaka wa 1954, aliwatibu walioteswa, na pia polisi waliowatesa. Mwaka wa 1956 aliandika barua ya kujiuzulu, akafukuzwa nchini, akajiunga na wapigania uhuru huko Tunis. Saratani ya damu ilimuua nchini Marekani tarehe 6 Desemba 1961, akiwa na miaka 36, akazikwa katika ardhi ya Algeria. Katika kitabu chake cha mwisho, ambacho kwa Kiswahili kinaitwa Viumbe Waliolaaniwa, aliyapinga waziwazi maneno ya Carothers.

Kwa nini nawafundisha haya vijana wa Kakamega? Kwa sababu kesho watapangiwa kazi Lamu, Kwale au Turkana. Bibi mzee ataletwa kwao, ataulizwa maswali kwa Kiingereza, naye atainamisha kichwa. Ni rahisi kuandika kwenye faili kwamba hajitambui. Daktari aliyeyasoma maisha ya Fanon atatafuta kwanza mtu wa kumwamkia bibi kwa lugha yake, amwulize ametoka wapi na ameamkaje, ndipo ashike kalamu. Na sisi tunaowapeleka wazee wetu hospitalini tuna haki ya kulidai hilo.