Jenerali China: Askari wa Mfalme aliyegeukia msitu

WARUHIU Itote, ambaye wengi humkumbuka kwa jina la Jenerali China, alifunzwa vita na jeshi la mfalme wa Uingereza kabla ya kupigana na jeshi hilo hilo katika misitu ya Mlima Kenya.

Alizaliwa mwaka 1922 huko Mukurweini, Nyeri. Elimu yake ilikuwa haba, na biashara ndogo ndogo alizojaribu Nairobi zilidumazwa na vikwazo vya serikali ya kikoloni. Mwaka 1942 alijiunga na King's African Rifles, jeshi ambalo raia walilizoea kwa jina la Keya, na ambalo katika miaka hiyo liliwazoa vijana kutoka kila pembe ya nchi, Nyeri hadi Kisii.

Akiwa askari wa miguu, alipelekwa Ceylon na kisha Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliwasukuma Wajapani kupitia Bonde la Kabaw mwaka 1944, katikati ya mvua, matope na malaria, hadi Kalewa kwenye mto Chindwin. Alipanda cheo hadi koplo. Hata hivyo, lililombadilisha zaidi si risasi bali mazungumzo. Mwingereza mmoja waliyekuwa naye vitani alimuuliza Waafrika walikuwa wakipigania nini hasa, ilhali nchi yao haikuwa yao. Mwanajeshi mweusi wa Marekani naye alimsimulia jinsi watumwa wa Haiti walivyojikomboa. Zaidi ya hayo, alikuwa amemwona mzungu akiogopa na akifa kama binadamu mwingine yeyote.

Aliporejea nyumbani, serikali haikuwa na ardhi wala heshima ya kumpa. Alipata kazi ya kuchochea moto katika garimoshi, akaingia chama cha KAU, na mwaka 1950 akala kiapo. Agosti 1952, miezi miwili kabla ya Gavana Evelyn Baring kutangaza hali ya hatari, aliingia msituni.

Huko Mlima Kenya ndiko ujuzi wa Keya ulikozaa matunda ambayo Waingereza hawakuyatarajia. Itote aliwapanga wapiganaji kwa vikosi na vyeo, akaweka walinzi wa zamu na kanuni kali za nidhamu. Wengi wa vijana hao hawakuwa wamewahi kushika bunduki.

Januari 15, 1954, alijeruhiwa shingoni na kukamatwa. Afisa wa ujasusi, Ian Henderson, alimhoji kwa saa 68. Mahakama ya Nyeri ilimhukumu kunyongwa, lakini adhabu hiyo ikabatilishwa baada ya yeye kukubali kuwaandikia makamanda wenzake akiwahimiza wafanye mazungumzo na serikali. Mazungumzo hayo yalivunjika Aprili mwaka huo, wanajeshi walipowashambulia wapiganaji waliokuwa wamekusanyika.

Hapo ndipo jina lake lilipopata doa ambalo halikufutika kabisa. Kwa baadhi ya waliobaki msituni alikuwa amenunua uhai wake kwa siri zao. Wanaomtetea husema alitaka kuokoa roho za watu waliokuwa wakiteketea bila silaha za kutosha. Pande zote mbili zina hoja, ingawa ni vigumu kwa aliyelala usingizi wa salama kumhukumu mtu aliyekuwa akisubiri kitanzi.

Alifungwa Lokitaung, katika jangwa la kaskazini, pamoja na Mzee Jomo Kenyatta, ambaye kwa sababu ya umri wake alipewa kazi ya upishi badala ya kuvunja mawe. Mzee ndiye aliyemfundisha Kiingereza.

Itote aliachiliwa mwaka 1962, akapata mafunzo ya kijeshi Israel, kisha akawa miongoni mwa viongozi wa Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS), iliyoanzishwa mwaka 1964. Alistaafu miaka ya themanini. Kumbukumbu zake za vita zilichapishwa mwaka 1967.

Alifariki mwaka 1993. Wakati huo, miaka 30 baada ya uhuru, Mau Mau bado lilikuwa kundi haramu katika sheria za Kenya. Marufuku hiyo ya wakoloni iliondolewa mwaka 2003.