Karl Landsteiner: Daktari aliyewezesha damu ya hiari kuokoa maisha, kutoka Vienna hadi Pinga

Mtoto mwenye malaria kali anaweza kupungukiwa damu kiasi cha kufa ndani ya saa chache. Katika Pinga, mji ulio mpakani mwa Masisi na Walikale, mkoani Kivu Kaskazini, ambako mapigano ya miaka mingi na barabara mbovu huchelewesha wagonjwa, mzazi wa mtoto huyo hutegemea jambo moja: mtu mwenye damu inayolingana akubali kunyoosha mkono.

Daktari aliyegundua kwa nini ni lazima damu ilingane ni Karl Landsteiner.

Alizaliwa tarehe 14 Juni 1868 nchini Austria. Baba yake, Leopold, alikuwa mwanahabari mashuhuri, lakini alifariki Karl akiwa na umri wa miaka 6 tu. Alilelewa na mama yake, Fanny, waliyependana sana. Mwaka 1891 alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Vienna, kisha akaenda Ujerumani na Uswisi kusomea kemia.

Wakati huo, kumwongezea mgonjwa damu kulikuwa kama kucheza kamari. Wengine walipona, wengine walitetemeka kwa homa na kufa, na hakuna aliyejua sababu. Mwaka 1897 mwandishi wa Ireland, Bram Stoker, alichapisha riwaya ya Dracula. Ndani yake, wanaume wanne wanajitolea damu, mmoja baada ya mwingine, kumwokoa Lucy, msichana anayenyonywa usiku. Hakuna anayepimwa. Mnyonya damu anaendelea kumfyonza, kwa hiyo bila wao kujua, anaishi kwa damu iliyotolewa kwa hiari.

Je, kiumbe kama huyo angeweza kuishi hivyo? Hesabu inamkataa. Mtu mzima hutoa takriban mililita 450 kwa mara moja, na sehemu kubwa ya damu ni maji. Ili apate nguvu anazopata mtu mzima kwenye chakula cha siku, angehitaji damu ya watu wapatao 6 kila siku. Kwa kuwa mwanamume hushauriwa kusubiri angalau miezi 3 kabla ya kutoa tena, na mwanamke miezi 4, angehitaji zaidi ya watu 500 wasiochoka kumpa. Mgonjwa ni tofauti: mfuko mmoja tu unaweza kumtoa kaburini.

Miaka michache baada ya riwaya hiyo, Landsteiner alipata jibu ambalo madaktari walilikosa. Akifanya kazi katika taasisi ya uchunguzi wa maiti mjini Vienna, alichukua damu yake mwenyewe na ya wenzake wa maabara, akatenganisha chembe nyekundu na majimaji, kisha akachanganya ya huyu na ya yule. Baadhi zilichanganyika vizuri, nyingine ziligandamana. Mwaka 1901 alitangaza makundi matatu, ambayo leo yanaitwa A, B na O. Mwaka uliofuata wenzake waliongeza la nne, AB.

Dunia haikushtuka. Ilipita miaka kadhaa kabla ya Reuben Ottenberg, mjini New York, kuanza kupima ulinganifu wa damu kabla ya kumwongezea mgonjwa, mwaka 1907. Mwaka 1914, Albert Hustin wa Brussels alitumia sitreti kuzuia damu isigande.

Landsteiner mwenyewe hakutulia. Pamoja na Erwin Popper alionyesha kwamba polio huambukizwa na kirusi. Vita Kuu ya Kwanza ilipoiacha Vienna katika njaa na umaskini, alihamia Uholanzi na mke wake, Helen, na mtoto wao. Baadaye alikwenda Marekani, katika Taasisi ya Rockefeller. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1930, na mwaka 1940, pamoja na Alexander Wiener, alitangaza ugunduzi wa Rhesus, ile alama ya chanya au hasi inayoandikwa mbele ya kundi la damu.

Juni 1943 alipatwa na mshtuko wa moyo akiwa maabarani. Alifariki tarehe 26, akiwa na miaka 75.

Katika miaka hiyohiyo, Afrika Mashariki na Kongo zilijaa uvumi wa wazimamoto, mumiani na batumbula, watu waliosemekana kukamata raia usiku na kuwanyonya damu kwa faida ya wakoloni. Hofu hiyo ilitokana na utawala uliochukua bila kuomba, na katika baadhi ya maeneo bado humfanya mtu aiogope sindano.

Kilichomtofautisha Landsteiner na mnyonya damu ni hicho hasa: damu aliyoanza nayo ilikuwa yake na ya wenzake, nayo ikarudi kwa wagonjwa. Siku yake ya kuzaliwa, 14 Juni, ndiyo Siku ya Wachangia Damu Duniani, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 2004.

Kwa familia inayosubiri hospitalini Pinga, ugunduzi wake hauna faida bila mtu wa kujitolea. Kipimo huonyesha damu ipi inafaa. Kuitoa kunabaki kuwa uamuzi wa jirani.