Ludwig Krapf na Safari ya Kuelekea Mto Tana

Hakuna mwanafunzi wa Kiswahili aliyepita katika kozi ya historia ya lugha hii bila kulisikia jina la Johann Ludwig Krapf. Sarufi yake ilichapishwa Tübingen mwaka 1850, na kamusi yake ikatoka London mwaka 1882. Aghalabu huishia hapo: tarehe mbili za kukariri kwa ajili ya mtihani. Kinachosahaulika ni kwamba Kiswahili sicho kilichomleta mtu huyu katika pwani yetu. Krapf alikuja Mombasa akitafuta njia ya kuwafikia Waoromo, na alitarajia kuingilia kwa kundi lao la kusini, yaani Waorma, wafugaji ambao malisho yao yako katika bonde la chini la Mto Tana. Msafiri anayetoka Malindi kuelekea Lamu na kupita Garsen huwakuta huko hadi leo, wakiwa majirani wa Wapokomo wakulima wa kingo za mto. Makala haya yanayaangalia maisha ya Krapf kwa jicho hilo: mtu aliyetumia sehemu kubwa ya umri wake kujifunza habari za nchi ambayo hakupata kuishi ndani yake.

Yafaa kutanguliza neno kuhusu majina. Vitabu vya Krapf huwaita watu hawa Wagalla, jina walilopewa na wengine na ambalo wenyewe hulichukia. Hapa tutasema Waoromo tukikusudia taifa zima, na Waorma tukikusudia wale wa Tana.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na Tübingen, kusini mwa Ujerumani, katika familia ya wakulima. Alipokuwa mwanafunzi, baba yake alimnunulia ramani za dunia, naye akavutwa na upande wa mashariki wa Afrika. Aliona kwamba nchi za Adal na Usomali zilikuwa na majina machache mno, akajiuliza kama hapo palikuwa jangwa tupu linalotawaliwa na fisi. Muuza vitabu mmoja akamwazima juzuu la safari za James Bruce, Mskoti aliyefika Uhabeshi katika karne ya 18, na humo fisi hawakukosekana. Kisa hiki Krapf alikisimulia mwenyewe baadaye, na kina umuhimu kuliko kinavyoonekana. Fikra zake kuhusu eneo hili zilianzia kwenye nafasi nyeupe ya ramani, na nafasi nyeupe humruhusu mtazamaji aijaze kwa matumaini yake.

Alijiunga na chuo cha wamisionari cha Basel, Uswisi, mwaka 1827, akakiacha, akasomea theolojia Tübingen, akahudumu kanisani kwa muda mfupi, kisha akairudia nia yake ya kwanza. Shirika la Kianglikana la Church Missionary Society likampokea na kumtuma Uhabeshi mwaka 1837. Kabla ya kuondoka alijifunza Kigeezi na Kiamhara. Adwa alifukuzwa mwaka 1838. Mwaka uliofuata alifika Shewa, katika ufalme wa Sahle Selassie, akakaa huko hadi mwaka 1842.

Shewa ndiko alikokutana na Waoromo ana kwa ana. Alifuatana na majeshi ya mfalme katika misafara dhidi yao, akaona ukubwa wa idadi yao na upana wa ardhi waliyoikalia, akajifunza lugha yao na kuanza kuziandika kanuni zake na kuzitafsiri Injili. Hapo ikazaliwa rai iliyomtawala hadi mwisho: kwamba Waoromo ni taifa moja kubwa lililotandaa kutoka Uhabeshi hadi karibu na Ikweta, na kwamba wakiupokea Ukristo, Afrika ya kati yote itawafuata. Aliwafananisha na Wajerumani wa zama za kale, na nchi yao akaiita Ormania, jina la kubuni. Tunaweza kuuona udhaifu wa rai hiyo. Waoromo wa Shewa na Waorma wa Tana wana lugha zinazohusiana kwa karibu, lakini hawakuwa na mfalme mmoja, wala baraza moja, wala hatima moja. Krapf alilijua tawi moja, na kwa hilo akalikisia jingine.

Alipozuiwa kurejea Shewa, aliigeukia ramani tena. Ikiwa mlango wa kaskazini umefungwa, mlango wa kusini ungeweza kupatikana kwenye Bahari ya Hindi. Pamoja na mkewe, Rosine, alisafiri kwa jahazi kutoka Adeni, akafika Mombasa mwanzoni mwa Januari 1844, akaendelea hadi Unguja. Seyyid Said alimpokea vyema na kumpa barua ya utambulisho kwa maliwali wake. Mwezi Mei mwaka uleule akaweka maskani Mombasa. Tarehe 13 Julai Rosine akafariki kwa homa, na siku chache baadaye binti yao mchanga akamfuata. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa wa homa ileile.

Mtu mwingine angerudi kwao. Yeye alikuwa ameshaanza, mwezi wa Juni, kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Sura chache za kazi hiyo zilichapishwa Marekani mwaka 1847. Fikiria hali hiyo: mhubiri wa Kikristo na hakimu wa Kiislamu wameketi pamoja wakitafuta neno lifaalo la Kiswahili. Katika masimulizi mengi ya historia ya lugha yetu, kadhi huyu hupita kama kivuli, ilhali sauti iliyoingia katika maandishi hayo ni yake pia.

Johannes Rebmann alipowasili mwaka 1846, wawili hao wakafungua kituo Rabai. Waorma walikuwa bado mbali, hivyo Krapf alijifunza habari zao kwa njia iliyokuwapo, yaani kwa kuuliza. Aliwauliza Warabai, Waswahili wa bandarini, wafanyabiashara wa misafara na watumwa waliotoka bara. Mwaka 1850 alichapisha msamiati wa lugha 6 za Afrika Mashariki: Kiswahili, Kinyika, Kikamba, Kipokomo, Kihiau na Kigalla, kama alivyoziita. Lugha mbili kati ya hizo ni za bonde la Tana. Kwa hiyo kabla hajauona mto huo alikuwa ameshaandika maneno ya mkulima wa ukingoni na ya mchungaji wa nyikani. Kwa mwanaisimu, hiyo ni hazina.

Hata hivyo, tuulize ni nani aliyekuwa akijibu maswali hayo. Wamijikenda husimulia kwamba wazee wao waliihama Shungwaya kwa kufukuzwa na Wagalla. Kwa Mrabai wa mwaka 1846, jina hilo lilibeba jeraha. Mswahili wa Mombasa alilihusisha na miji iliyoachwa magofu na hatari za njia ya Malindi. Krapf aliwapenda Waoromo kwa mbali, huku akielezwa habari zao na watu waliowaogopa. Aliyapokea maelezo ya ukali wao, akayageuza kuwa sifa: watu shupavu hivyo, alidhani, wangekuwa wahubiri shupavu. Kosa lilikuwa katika mizani aliyoyapimia maelezo yale, kwani kuuliza wenyeji kulikuwa na faida kubwa. Wakati huohuo William Desborough Cooley, mwanajiografia aliyekaa London na vitabu vyake, alikataa katakata kwamba kuna theluji karibu na Ikweta, ingawa Rebmann alikuwa ameuona Kilimanjaro mwaka 1848 na Krapf mwenyewe akauona Mlima Kenya kutoka Kitui tarehe 3 Desemba 1849. Wenye kuuliza na kutembea walikosea kiasi. Asiyetembea alikosea kabisa.

Mto Tana aliufikia mwaka 1851, lakini si kwa namna aliyoipanga. Akiwa Ukambani, alifuatana na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui, kuelekea sehemu za juu za mto. Karibu na mto msafara ulishambuliwa na wanyang'anyi. Kivoi akauawa, na watu wakatawanyika. Krapf alijificha msituni, na kiu ikamsukuma hadi ukingoni peke yake. Hakuwa na kibuyu. Akajaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki, akaiziba kwa nyasi na vitambaa, akaanza kurudi kwa kujificha. Jamaa za Kivoi walimlaumu kwa kifo cha mkuu wao, ikambidi atoroke tena hadi akafika Rabai. Pale aliposimama palikuwa mamia ya kilomita juu ya Garsen. Maji yale yalikuwa yakiteremka kwenda kwa watu aliowatafuta. Yeye akageukia upande mwingine.

Afya ilimrudisha Ulaya mwaka 1853. Mwaka 1862 alikuja tena Mombasa kwa muda mfupi kuwaongoza wamisionari wa Kimethodisti, miongoni mwao Thomas Wakefield. Walianzia Ribe, ila lengo lilikuwa Waorma. Wakefield alifunga safari ya kwenda kwao mwaka 1865, na katikati ya miaka ya 1880 kituo kikafunguliwa Golbanti, kwenye Tana ya chini, si mbali na Garsen. Kufikia hapo Waorma walikuwa wamedhoofishwa na vita dhidi ya Wamaasai na Wasomali. Taifa lenye nguvu lililokuwa katika makaratasi ya Krapf halikuwapo tena. Mwaka 1886 Wamaasai walishambulia Golbanti, na mmisionari John Houghton na mkewe Annie wakauawa. Mwaka uliofuata wamisionari wa Kijerumani kutoka Neukirchen walifika Ngao. Ukristo ulishika mizizi zaidi kwa Wapokomo, ilhali Waorma kwa jumla wakawa Waislamu.

Kwetu sisi wa Kiswahili, Krapf ana deni na ana fadhila. Alipinga Kiswahili kuandikwa kwa hati za Kiarabu, akitetea za Kirumi, na sababu yake haikuwa ya kiisimu peke yake: alihofia kwamba hati hizo zingeufungulia Uislamu njia ya kuingia bara. Fasihi iliyoandikwa kwa hati hizo kwa vizazi vingi ilisukumwa pembeni na hoja za namna hiyo. Lakini mtu huyohuyo alikusanya miswada ya tenzi, ukiwamo wa Utenzi wa Herekali, akaipeleka katika maktaba ya chama cha wataalamu wa Mashariki huko Halle, ambako ilihifadhiwa na kusomwa. Kamusi yake nayo imejaa Kimvita. Kiunguja kilipochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa lugha sanifu, kitabu hicho kikawa cha pembeni, na kwa hakika ndiyo maana kina thamani kwa mtafiti wa lahaja: kimeyahifadhi maneno ambayo usanifishaji uliyapita.

Miaka yake ya mwisho aliishi Kornthal, Ujerumani. Aliendelea kushughulikia Kioromo, akisaidiwa na Mworomo aliyekombolewa utumwani, Rufo, na Agano Jipya katika lugha hiyo likachapishwa katika miaka ya 1870. Usiku wa tarehe 26 Novemba 1881 alifariki chumbani mwake. Alikutwa akiwa amepiga magoti kando ya kitanda. Kamusi yake ya Kiswahili ilikuwa haijatoka.