Charles Eliot na Ardhi ya Wote

Mji unapopanuka, mwenye ua mpana haoni upungufu. Mpangaji wa chumba kimoja ndiye akosaye pa kupumzikia. Haki ya huyu wa pili ndiyo aliyoitetea Charles Eliot, aliyezaliwa mwaka 1859 huko Cambridge, Massachusetts, nchini Marekani.

Baba yake alikuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Harvard. Kijana mwenyewe alichagua kujifunza kazi ya kupanga bustani. Mwaka 1883 akawa mwanagenzi wa Frederick Law Olmsted, bingwa wa bustani za umma, akashiriki katika kazi ya Franklin Park, mjini Boston.

Twaona kwamba uanagenzi huo ulizaa matunda makubwa. Mwaka 1890 Eliot alipendekeza kiundwe chombo cha kumiliki mandhari nzuri kwa niaba ya umma, kama maktaba itunzavyo vitabu. Mwaka uliofuata Bunge la Massachusetts lilikiidhinisha, nacho kingali hai hadi leo. Mwaka 1893 iliundwa tume ya kudumu ya bustani za Boston na miji jirani, Eliot akiwa mshauri wake. Mwaka 1896 ufuko wa Revere ukafunguliwa kwa watu wote.

Alifariki mwaka 1897, akiwa na umri wa miaka 37 tu. Hekima yake ilikuwa kuitafutia jamii ardhi kabla haijajengwa. Nasi twawakumbusha wapangao miji: kiwanja cha wazi kikishauzwa, ni shida kukirudisha.